Je, Wajua? Bujora Ilinusurika Kuitwa Ujora

Je, wajua kwamba Bujora, mahali karibu na Mwanza, imebaki na herufi ambayo Uganda iliipoteza njiani?

Ni ile B ya mwanzo. Kisukuma, sawa na Kikerewe, Kiganda na Kirundi, hutaja nchi kwa kiambishi bu-. Wasukuma kwao ni Busukuma. Jirani zao wa kisiwani kwao ni Bukerebe. Lakini misafara ya karne ya 19 iliongozwa na watu wa pwani, na mtu wa pwani akitaja nchi huanza na u-. Basi Busukuma ikageuka Usukuma, Bukerebe ikawa Ukerewe, Bunyamwezi ikawa Unyamwezi. Wazungu waliofuata nyuma waliandika kile walichokisikia kwa viongozi wao wa safari, na ramani ikakauka hivyo. Buganda ndiyo iliyopata kioja zaidi: ufalme ulishika jina lake, nchi lindwa iliyouzunguka ikachukua matamshi ya Waswahili, na mpaka leo majina yote mawili yapo, moja ndani ya jingine. Warundi walilimaliza suala hilo kwa njia yao. Walipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Urundi ilirudi kuwa Burundi, na mji mkuu ulioitwa Usumbura ukawa Bujumbura.

Bujora yenyewe ni kijisehemu cha Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Watu wengi huijua kwa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa mwaka 1968 na padri kutoka Kanada, David Clement, na kwa ngoma za Bulabo, ambazo kila Juni huwakutanisha wachezaji wa vikundi vya Bagika na Bagalu. Nadhani B yake ilisalimika kwa sababu tu mahali penyewe palikuwa padogo, pasipo na kitu cha kuushughulisha msafara. Bugando, Butimba, Buswelu na Bukumbi nazo zilipona vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba R ya Bujora, kwa upande wake, si ya Wasukuma?

Kisukuma hakina r. Mzee aliyezaliwa hapo atakwambia "Bujola", kama anavyosema "balabala", na uchaguzi ukifika atakwenda kupiga "kula". Utani huo kila Mtanzania anaujua, na Wasukuma wenyewe huucheka. Wanachokisahau wengi ni kwamba ukiendelea na barabara hiyohiyo ya Musoma hadi Tarime unaingia kwa Wakurya, ambao lugha yao ina r na haina l. Huko watu "wanakura" ugali. Abiria wa basi la Mwanza hadi Sirari anatoka nchi ya l na kuingia nchi ya r bila kuonyesha kitambulisho.

Makarani walioandika majina ya mahali nao hawakuwa na msimamo. Mwanza kuna kata ya Kitangiri, Shinyanga kuna kata ya Kitangili. Zote mbili ziko Usukumani.

Je, wajua kwamba jina la Mwanza hutamkwa na wengi wa wakazi wake wa asili bila m?

Hapa ndipo mgeni anapojulikana. Penye mw- ya Kiswahili, Kisukuma huweka ng'w-, na sauti hiyo huanzia nyuma kabisa ya kinywa huku midomo ikijikusanya. Mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka. Salamu ya asubuhi ambayo wageni hufundishwa kwanza, "mwangaluka", mwenyeji huitamka "ng'wangaluka". Na Mwanza ni Ng'wanza. Kwa hiyo vijiji chungu nzima vinavyoanza na Mwa- kwenye orodha za serikali, Mwamashimba, Mwanangwa na wenzao, kwa wenyewe huanza na Ng'wa-. Mara nyingi silabi hiyo inabeba maana ya "kwa fulani": Ng'wamashimba ni kwa Mashimba. Mgeni anayesoma "Mwa" hupita juu ya mwenye mji bila kumwamkia.

Wengine husimulia kwamba Mwanza ni Nyanza iliyokosewa kusikika, na nyanza maana yake ni ziwa. Simulizi hiyo inapendwa mno na wanaotembeza watalii. Lililo wazi ni kwamba kila mgeni aliandika kwa kalamu ya kwao. John Hanning Speke, mvumbuzi Mwingereza aliyeliona Ziwa Viktoria kutoka upande huu tarehe 3 Agosti 1858, aliandika Muanza. Wajerumani, walioweka kituo hapo mwaka 1892, waliandika Muansa. Usiwacheke. Katika Kijerumani s iliyo mbele ya irabu husomwa z, na z husomwa ts. Lau wangeandika kama sisi, askari wao wangesema "Muantsa".

Mvumbuzi Stanley naye alifika pwani ya ziwa mwaka 1875, mahali panapoitwa Kageye, leo wilaya ya Magu, na katika kitabu chake akapaita Kagehyi. Hiyo h na y nimejaribu kuzitamka kwa pamoja nikashindwa.

Je, wajua kwamba iko sauti ya Kisukuma ambayo herufi zetu haziwezi kuikamata hata zikipangwa tatu?

Safiri kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, ufike njia panda ya kwenda Ngudu. Konda ataita "Hungumalwa!" na kwenye vibao vingi utasoma hivyohivyo. Kata yenyewe, wilayani Kwimba, huandikwa Ng'hungumalwa. Msomaji wa Kiswahili akiona ng'h hubaki ameduwaa: aanze na ng' kisha h? Jibu ni kwamba vyote vinatoka mara moja. Ni ng' inayopulizwa, pumzi ikipita puani bila koo kutoa mlio. Mgeni husikia pumzi tu, basi anaandika H. Magu kuna Ng'haya, yenye sauti hiyohiyo. Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, ina ndugu yake, nh, ambayo wageni huimeza na kusema "Mwanuzi".

Mahali ambapo Kiswahili kina mtu, Kisukuma kina munhu. Watu ni banhu. Sauti ngumu iliyokuwa baada ya n iliyeyuka ikaacha pumzi. P nayo baada ya m ilifanya vivyo hivyo, ndipo Msukuma ukimuuliza hali hujibu "mhola", neno lililozaliwa tumbo moja na "poa" yetu. Kijana wa Igoma anayejibu "poa" na bibi yake anayejibu "mhola" wamesema neno lilelile.

Je, wajua kwamba hata u ya Bujora ina siri?

Kiswahili kina irabu tano, Kisukuma kina saba. Ipo i nyingine inayokaribia e, na u nyingine inayokaribia o, na bu- ya majina ya nchi ina hiyo u ya pili. Ndiyo maana Herman Batibo, mwanaisimu wa Kitanzania, alipochapisha utafiti wake Paris mwaka 1985 aliiita lugha hiyo kesukuma, kwa e. Wakikuyu wa Kenya wana irabu saba pia, na wao walitatua tatizo kwa kuweka alama juu ya herufi: ĩ na ũ. Kwenye vibao vya Mwanza alama hizo hazipo, hata ile koma ya juu ya ng' mara nyingi huanguka kompyuta inapochapa.

Kwa hiyo mgeni anayeshuka Kisesa na kuuliza "Bujora ni wapi?" huelekezwa vizuri kabisa, kisha anayemwelekeza humgeukia mwenzake na kusema anakwenda Bujola.