Kuhakiki Utafiti wa Nyanjani: Mfano wa Masimulizi ya Mbwaa

Mtahiniwa, ukiulizwa mbinu za utafiti wa fasihi simulizi, utazitaja haraka: mahojiano, hojaji, kushiriki, kurekodi. Ukiulizwa iwapo matokeo yanaaminika, kalamu husita. Hebu tuanzie hapa kwetu Meru.

Wazee wa Kimeru husimulia kuwa mababu walitumikishwa kisiwani Mbwaa na Nguo Ntune, yaani watu wa mavazi mekundu. Walitoroka, kiongozi wao akapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, wa alfajiri nyekundu, wa mchana nyeupe. Mtafiti Mmarekani Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee, na katika kitabu chake cha 1993 akaihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu.

Mhakiki ajiulize:

(a) Nani alihojiwa? Sampuli ya wazee wanaume pekee huacha nje kumbukumbu za wanawake.

(b) Msimulizi aliyapata wapi? Wamishenari wa Kimethodisti walifika Meru mwaka wa 1912, na kisa hiki chafanana na cha Musa. Hata hivyo, kufanana si ithibati ya kuigwa: rangi za koo hazimo katika Biblia.

(c) Je, upo ushahidi mwingine? Kimeru kina undugu wa karibu na Kiembu, Kikuyu na Kikamba kuliko lugha za pwani. Basi huenda kundi dogo tu lilitoka pwani, likamezwa na wenyeji, simulizi lake likawa la wote.

(d) Je, maandishi yamerudi mdomoni? Niliwahi kuwatuma wanafunzi wangu wa Kinoru kwa babu zao. Watatu walileta simulizi moja, neno kwa neno. Kumbe wote walinakili kitabu kimoja! Niliyahesabu kama mapokezi matatu, yalikuwa moja.

Mwalimu mwenzangu, kosa hilo lilikuwa langu. Sikuwaagiza waandike jina la fanani, umri wake, na aliyemsimulia.

Katika jibu lako, mtahiniwa, usiseme tu "utafiti una kasoro". Taja kasoro, eleza inavyoathiri matokeo, kisha pendekeza suluhisho. Nawe ukienda nyanjani, nenda mapema: fanani akiondoka, hakuna wa kumuuliza tena.