Propela Inagonga: Utengeneze Leo, Uifungue au Uegeshe?

Wenye magari ya fo-wili huku Khwisero wengi hawakuyanunua kwa fahari. Kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikishika, njia za murram zinazoteremkia Mto Yala huwa utelezi mtupu. Gari lililobeba matofali mchana ndilo hilohilo linaloamshwa usiku kumpeleka mgonjwa hospitalini. Kwa hiyo fundi akikwambia kifaa kimelika na spea ifuatwe Kisumu, unachotaka kujua ni kama gari litaendelea kutembea hadi pesa zipatikane.

Inategemea kilicholika ni kipi. Jointi za eksel ya mbele zikianza kulia unapokata kona kali, unayo nafasi ya kusubiri. Kama gari lako lina habu za kufungua, zifungue na utembelee magurudumu ya nyuma pekee. Eksel ya mbele haitazunguka, wala jointi haitazidi kulika. Lakini buti ya mpira iliyopasuka usiiache hata wiki moja. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya jointi nzima, na tope likishachanganyika na grisi, jointi haina siku nyingi.

Krosi ya propela ya nyuma ni jambo jingine, na hapa sina huruma na anayesema "nitaangalia mwisho wa mwezi." Ipime mwenyewe: egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, gia iwe huru, kisha ushike propela na kuizungusha huku na huku. Krosi yenyewe ikicheza, imekwisha. Propela ikikatika upande wa mbele gari likiwa mbioni, ncha huanguka chini, huchimba barabara na inaweza kulinyanyua gari.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya duka lolote. Krosi mpya pamoja na ufundi: shilingi 8,000. Ikikatika njiani: propela kuukuu 25,000, kuvutwa hadi kwa fundi 10,000, kufunga 3,000, jumla 38,000, kabla hujahesabu kilichogongwa chini ya gari. Weka bei ulizopewa wewe, baada ya kuulizia maduka matatu.

Kama hata hizo 8,000 hazipo, ipo njia ya kati: fungua propela mbovu uiweke ghalani. Kwa gari la fo-wili ya kuchagua, ukitoa ya nyuma, ukafunga habu kama zipo na kuingiza fo-wili, litavutwa na ya mbele. Halifai kwa mlima wa tope wala mzigo mzito, ila litakufikisha kwa fundi polepole. Muulize fundi kwanza kama propela yako imechomekwa ndani ya transfa; ya namna hiyo ikitolewa, oili humwagika. Mwenye Land Rover Defender ya zamani awe makini zaidi. Usipofunga difu ya kati, gari halitasogea hata hatua. Tena hendibreki yake hushika mahali propela ya nyuma inapoanzia kwenye transfa, kwa hiyo bila propela hiyo haizuii magurudumu ya nyuma. Katika miteremko yetu, hilo peke yake linatosha kuniambia niegeshe.

Difu inayovuma iache ipumzike. Mwaga oili yake. Ukiona vipande vya chuma, usiende nayo popote. Wengi hununua difu kuukuu iliyotoka Japani kwa sababu kraun na pinioni mpya ni ghali, lazima ziende pamoja na zipimwe na fundi anayejua. Uamuzi si mbaya, ila hesabu meno kabla ya kulipa. Kraun ya meno 41 kwa pinioni ya 10 ni 4.1, ya 43 kwa 10 ni 4.3. Ya nyuma isipolingana na ya mbele, siku utakayoingiza fo-wili vitavutana hadi kimoja kivunjike, na ile nafuu imeishia hapo.

Usitegemee bima: hata ile kubwa hulipa ajali, si kifaa kilicholika kwa matumizi. Nayo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani.

Pesa yako ikitosha kitu kimoja tu, nunua krosi ya nyuma kwanza. Jointi za mbele zitangoja.