Kioo cha sebuleni kilipotangaza kliniki ya mtoto

Dar es Salaam. Jumamosi moja mchana, vijana wanne wa mtaa mmoja Kimara walikusanyika sebuleni kwa rafiki yao kuangalia mpira. Mmoja akainuka kwenda kunywa maji. Akapita mbele ya kioo kilichotundikwa karibu na mlango wa jikoni, akasimama kidogo kujitengeneza nywele. Kwenye kona ya juu ya kioo hicho, kwa herufi nyeupe, paliandikwa: Jumatano, kliniki ya sikoseli.

Kijana akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote, sikoseli ndiyo nini na ni nani anayo humu ndani.

Mtoto wa nyumba hiyo, mvulana wa miaka 13, hakujibu. Alikwenda kuzima swichi ukutani, maandishi yakapotea, kioo kikabaki kioo. Jioni alimwambia mama yake kwamba hataki tena rafiki yeyote aje nyumbani. Jumatano ilipofika aligoma kutoka chumbani, hadi bibi yake, ambaye humwita mume wangu, alipoingia kumbembeleza. Walifika kliniki wamechelewa, foleni imeshakuwa ndefu.

Kinachouma zaidi ni kwamba kioo kile kilitengenezwa kwa ajili yake.

Baba wa familia hiyo ni fundi wa kompyuta na kamera za ulinzi. Mama anauza vitenge Kariakoo na huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Wana watoto watatu, na kila mmoja ana tarehe zake za afya. Wa mwisho bado ananyonya, na ratiba yake ya chanjo ni ile ile ya watoto wote nchini: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela akifika miezi 9 na tena miezi 18. Wa pili ni binti wa miaka 9, umri ambao msichana anaanza kustahili chanjo ya HPV, inayotolewa kwa dozi moja tangu mwaka 2024. Wa kwanza ndiye mwenye sikoseli. Anameza folic acid kila siku, anatumia pia hydroxyurea, dawa inayohitaji damu ipimwe mara kwa mara, na anatakiwa anywe maji mengi kuliko wenzake.

Si familia ya peke yake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka. Kwa wengi wao kliniki ni sehemu ya maisha kama shule ilivyo, na tarehe ikipita, dawa nayo huisha.

Mwaka jana tarehe mbili zilipita. Moja ilikuwa kwenye simu ya baba, naye alikuwa safarini Morogoro. Nyingine iliandikwa kwenye kadi tu, na kadi ilikuwa kwenye mkoba ambao mama hakuubeba wiki hiyo. Ndipo baba akaamua kuiweka ratiba mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba anayeweza kupita bila kupaona.

Kioo janja si kitu cha ajabu kama jina lake linavyosikika. Ni skrini ya kompyuta iliyofichwa nyuma ya kioo kinachoakisi kwa mbele na kupitisha mwanga kutoka nyuma. Penye weusi kwenye skrini unajiona mwenyewe, penye herufi nyeupe unaona herufi. Nyuma yake kuna Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, na programu ya bure iitwayo MagicMirror, iliyoanzishwa na Mholanzi Michael Teeuw mwaka 2014 na ambayo sasa inaendelezwa na watu wa nchi nyingi. Fundi huyo alitumia skrini ya zamani ya mteja aliyekuwa anaitupa.

Programu hiyo huja na saa, hali ya hewa, habari na kalenda. Kalenda haiandikwi kwenye kioo. Unaiandika kwenye simu, kwa mfano ndani ya Google Calendar, kisha unakipa kioo anwani ya siri ya kalenda hiyo, nacho kinaisoma kila baada ya muda. Mama akiongeza tarehe akiwa Kariakoo, baada ya muda inatokea ukutani Kimara.

Na hapo ndipo baba alipokosea, kwa maelezo yake mwenyewe. Alikuwa na kalenda moja tu yenye mambo yote, akaifungulia kila kifaa: kioo, simu yake, simu ya mama, na tableti ya zamani iliyopo jikoni. Aliona ni fahari kwamba vyote vinaonyesha kitu kimoja. Hakujiuliza nani husimama mbele ya kipi.

Kila skrini na watu wake

Simu ya mzazi husomwa na mzazi, ingawa nayo ina mambo yake. Kioo cha sebuleni husomwa na fundi wa umeme, mjumbe, shangazi aliyekuja kusalimia na marafiki wa mtoto. Ni sawa na kubandika kadi ya kliniki mlangoni.

Wapo wazazi watakaosema sikoseli si aibu, kwa nini ifichwe. Ni kweli si aibu. Lakini kijana wa miaka 13 ndiye mwenye ugonjwa, na kuamua rafiki gani ajue na lini ni haki yake kabla ya kuwa haki ya ukuta. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto anayetumia ARV, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, au binti ambaye mama yake ameandika siku zake za hedhi kwenye kalenda ya familia kwa nia njema.

Jambo la kwanza ambalo familia hiyo ilifanya ni kuigawa kalenda. Sasa zipo mbili. Moja inaitwa Nyumbani, ina ada, mikutano ya shule, siku ya gesi, harusi na zamu za kuosha vyombo. Nyingine inaitwa Afya, nayo ina tarehe zote za kliniki, chanjo na dawa. Kioo kimepewa anwani ya Nyumbani peke yake. Simu za wazazi zina zote mbili.

MagicMirror ina kipengele cha kuficha tukio lililowekwa alama ya faragha, na baba alikijaribu kwanza. Alikiacha kwa sababu kinategemea mtu akumbuke kuweka alama hiyo kila anapoandika, na mama huandika akiwa na mteja mbele yake. Kitu ambacho kioo hakijapewa hakiwezi kukionyesha.

Lakini watu wa nyumbani bado walihitaji kujua kwamba Jumatano kuna kuamka mapema. Kwa hiyo kila tarehe ya kliniki ina pacha wake kwenye kalenda ya Nyumbani, lenye maneno mengine. Maneno hayo aliyachagua mvulana mwenyewe, baada ya siku mbili za kuwaza: Safari ya asubuhi. Mama alitaka iandikwe Shughuli ya familia, akaambiwa na mwanawe kwamba hiyo inafanana na msiba.

Anwani ya siri nayo ni jambo la kuangalia. Inaitwa ya siri kwa sababu yeyote anayeipata anaisoma kalenda yote bila nenosiri, kwa hiyo haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ikiwa imeshatumwa, Google inaruhusu kuiweka upya, na ile ya zamani inakufa.

Kwenye simu za wazazi marekebisho yalikuwa madogo lakini yenye maana. Binti wa miaka 9 huomba simu ya mama kuchezea gemu, na arifa za kliniki zilikuwa zinatokea hata simu ikiwa imefungwa. Simu nyingi za Android na iPhone zinaweza kuonyesha kwamba kuna arifa huku zikificha maneno yake. Mpangilio huo uko upande wa arifa, sehemu ya skrini iliyofungwa.

Tableti ya jikoni ilikuwa na tatizo jingine. Ilifungua ukurasa ule ule wa kioo kupitia Wi-Fi ya nyumbani, lakini ukurasa umepangwa kwa skrini kubwa iliyosimama wima. Kwenye tableti, saa ilikalia kalenda, na pambizo pana lilikula nafasi. Kwenye simu ilikuwa vurugu kabisa. Suluhisho liko kwenye faili la mwonekano liitwalo custom.css, ambamo unaweza kuandika kwamba skrini yenye upana chini ya kiasi fulani ipunguziwe pambizo na herufi, na ifichiwe habari na hali ya hewa. Kioo chenyewe hakiguswi. Mzazi asiyejua mambo haya anaweza kumwomba kijana anayesoma kompyuta, ni kazi ya mistari michache. Aliye na tableti tu, bila kioo, hana haja ya haya yote: afungue programu ya kalenda kwa akaunti iliyo na Nyumbani pekee.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu. MagicMirror kwa kawaida haifunguki kwenye kifaa kingine mpaka uiruhusu kwa kutaja namba za vifaa vya nyumbani. Taja hivyo tu. Ukiifungua kwa kila mtu, jirani uliyempa nenosiri la Wi-Fi anaweza kusoma ratiba yako akiwa kibarazani kwake.

Saa tatu ya bibi

Bibi, mama yake baba, ndiye anayempeleka mtoto kliniki mara nyingi, na ndiye aliyegundua kosa ambalo wenye simu janja hawakuliona. Kioo kiliandika 09:00. Bibi anasoma vizuri, akasoma saa tisa, akapanga kupika kwanza ili waondoke baada ya chakula cha mchana. Binti wa miaka 9 ndiye aliyemshtua.

Programu nyingi za kalenda hazijui kuhesabu saa kuanzia mapambazuko kama tunavyohesabu. Waliozoea hubadilisha kichwani bila kujijua, lakini kwa dawa na kliniki kubadilisha kichwani si jambo la kutegemea. Familia ilipata njia rahisi: tukio linaandikwa kama la siku nzima, ili kioo kisionyeshe saa yake, na saa inawekwa ndani ya jina kwa maneno. Safari ya asubuhi, saa 12. Hakuna 06:00 popote.

Njia hiyo ilizaa tatizo dogo. Kioo hukata majina marefu, kwa kawaida baada ya herufi 25, na jina likizidi hapo, saa ya mwishoni ndiyo inayokatwa. Idadi hiyo inabadilishwa kwenye mipangilio, lakini mama aliona heri saa ianze: Saa 12, safari ya asubuhi. Hata ikikatwa, kinachopotea si saa. Baba naye aliongeza ukubwa wa herufi, kwa sababu macho ya bibi hayasomi kilichoandikwa kwa ajili ya kijana.

Simu ya bibi ni kitochi. Haina kalenda ya kuunganishwa na chochote, na Google iliacha kutuma vikumbusho vya kalenda kwa SMS mwaka 2019. Kwake hakuna teknolojia mpya. Usiku wa kuamkia safari mjukuu anamtegea kengele, na mama anampigia alfajiri akiwa kwenye daladala.

Kuna siku moja ambayo kioo kilidanganya. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, lakini kifurushi cha intaneti kilikuwa kimeisha. Raspberry Pi za matoleo hadi ya 4 hazina saa yenye betri ndani yake, zinauliza muda kwenye intaneti kila zinapowaka. Kioo kikawaka kikiwa nyuma kwa saa kadhaa, na ratiba ilikuwa haijasomwa upya. Siku hizi umeme ukirudi, mtu wa kwanza kuamka hulinganisha saa ya kioo na ya simu. Na kadi ya kliniki imerudishwa mahali pake, kwenye droo ya kabati la vyombo. Tarehe ya kwenye kalenda ikipishana na ya kwenye kadi, inafuatwa ya kwenye kadi, na wakipata shaka wanapiga simu kliniki.

Kuna jambo ambalo bado halijaamuliwa. Mvulana anataka kalenda ya Afya iwekwe kwenye simu atakayopewa likizo ya Desemba, na anataka awe na uwezo wa kuandika, si kusoma tu. Baba anaona ni mapema, akihofia atafuta tarehe asizozipenda. Mama anaona kwamba mtoto atakayekwenda bweni miaka michache ijayo anapaswa kuanza kushika ratiba ya dawa zake sasa, wakiwa bado wanamwona. Google inaruhusu njia ya kati, kusoma maelezo yote bila kubadilisha, na hapo ndipo mazungumzo yalipofikia.

Wiki iliyopita marafiki walikuja tena kuangalia mpira. Kioo kilikuwa kimewaka. Yule yule wa siku ile akasoma kwamba Jumatano kuna safari ya asubuhi, akauliza wanaenda wapi.

Mvulana akamjibu kwamba anaenda mjini na bibi yake, kisha akasogea ili mwenzake apate nafasi kwenye kochi.