Sare Katika Sinema za Kuchorwa

Wasomaji wetu wavaao magwanda huenda wakastaajabu kusikia kwamba sinema ndefu ya kwanza ya kuchorwa nchini Japani iliagizwa na Jeshi la Majini. Ilitengenezwa na Mitsuyo Seo, ikatolewa Aprili 1945, nayo ilionyesha vijinyama vya kupendeza vikishuka kwa miavuli kuwafurusha Wazungu visiwani. Miezi minne baadaye Japani ikasalimu amri.

Waliofuata walichora kinyume chake. Mwaka 1988 Isao Takahata, ambaye utotoni alinusurika mashambulizi ya ndege mjini Okayama, alitoa "Kaburi la Vimulimuli". Kijana Seita na dada yake mdogo, Setsuko, wanakufa kwa njaa baada ya mji wa Kobe kuteketezwa. Baba yao ni ofisa wa manowari. Seita anajivunia manowari hizo, lakini hatuonyeshwi zilikwenda kufanya nini katika nchi za watu. Ndipo lawama za wakosoaji zilipoanzia. Mtoto mwenye njaa hana hatia. Ila akibaki peke yake katika kumbukumbu ya taifa, Nanjing ya mwaka 1937 hupotea machoni.

Hapa Gisenyi jambo hilo si la mbali hata kidogo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma katika siku chache, na makumi ya maelfu wakafa kwa kipindupindu. Mchoraji angeweza kumchukua mtoto mmoja wa kambi zile, akatuliza sote, wala asiseme uongo. Lakini je, angerudi nyuma miezi mitatu, hadi Komini Ruji, pale makaburini ambapo Watutsi waliletwa kuuawa na kutupwa mashimoni?

Nasi tungemwomba asisahau kuchora sare. Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva, aliyekuwa kamanda wa jeshi katika eneo la Gisenyi, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha. Rufaa ya Desemba 2011 ilimfutia makosa kadhaa na kumpunguzia adhabu kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 15, lakini ilimwachia dhamana ya mkuu wa kikosi kwa mauaji ya mjini humu ya tarehe 7 Aprili 1994. Seita hakupata kuambiwa lolote la namna hiyo juu ya baba yake. Watoto wa kambi zile leo ni watu wazima, na baadhi yao wana watoto wanaopenda katuni.