Kwa nini mtoto mwenye kisukari adungwe sindano kila siku?

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana kisukari huuliza: Mbona babu yake ana kisukari naye anameza vidonge tu? Na sindano hizi zitakwisha lini? Ili tuyajibu maswali hayo, hatuna budi kuona kwanza jinsi insulini inavyotengenezwa na kutolewa mwilini.

Insulini ni homoni inayowezesha sukari iliyo katika damu kuingia katika misuli. Hutengenezwa na seli za kongosho ziitwazo seli za beta. Kwanza seli huunda uzi mrefu wa protini uitwao proinsulini, uliogunduliwa na Donald Steiner wa Chicago mwaka 1967. Protini nyingine husaidia kuukunja uzi huo. Ukikunjwa vibaya, huharibiwa. Ukiwa sawa hutiwa katika vifuko vidogo mno, na humo vimeng'enya hukata kipande cha katikati. Kinachobaki ndiyo insulini kamili. Vifuko hivyo, maelfu kwa maelfu, hukaa ndani ya seli vikingoja.

Tukila, sukari hupanda katika damu. Seli ya beta huitumia kupata nguvu, na nguvu hiyo hufunga vijilango vya potasiamu katika ukuta wake. Hapo vijilango vya kalsiamu hufunguka. Protini iitwayo sinaptotagmini huitambua kalsiamu hiyo, na protini za kundi la SNARE huvuta kifuko kishikane na ukuta na kumwaga insulini nje. Sukari ikishuka, umwagaji hupungua. James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa kueleza kazi ya vifuko hivi.

Sasa turudi kwa babu. Kwa kawaida kisukari cha wazee ni aina ya pili. Seli za beta bado zipo. Vidonge kama glibenklamidi hufunga vile vijilango vya potasiamu, na vifuko vikamwagwa. Lakini mtoto mwenye aina ya kwanza, seli zake zimeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Ghala likiwa limebomoka, ufunguo wa nini? Wala insulini haimezwi, kwa kuwa ni protini, nayo tumbo huisaga kama nyama. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto wa namna hii walikuwa wakifa.

Hata hivyo, sindano haina zile protini za kulinda mlango. Ikishaingia hufanya kazi, mtoto awe amekula au hajala. Kwa hiyo ulinzi huo ni wetu:

1. Msimwachishe mtoto insulini hata siku moja, hata akiwa mgonjwa. Mwulizeni daktari kipimo.

2. Ale kwa wakati.

3. Akitetemeka, akitoka jasho au akichanganyikiwa, mpeni upesi maji ya sukari. Akizimia, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

4. Mtoto yeyote mwenye kiu nyingi, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akitapika na kuhema kwa nguvu, msingoje hata saa moja.