Wote Wachezaji, Asiwepo Mtazamaji

Wako watu wasemao kuwa mchezo ni shughuli ya watoto, na kwamba mtu mzima aalikwapo arusini, au katika tafrija ya wafanyakazi, wajibu wake ni kukaa, kula, kutazama na kurudi kwake. Maneno haya yafaa kupimwa. Katika shughuli nyingi za siku hizi vipaza sauti hukodiwa kwa fedha nyingi, viti hupangwa safu kwa safu, wakubwa mbele na wadogo nyuma, na wageni huondoka bila kujuana hata majina. Fedha zimetumika, chakula kimeliwa, na undugu umebaki pale pale ulipokuwa jana.

Pwani yetu ya kusini ina mafunzo katika jambo hili. Tuchukue Sudi, mji mdogo wa kale kando ya ghuba iliyo kati ya Lindi na Mikindani. Ni mji wenye kumbukumbu zake: mwaka 1907, Mjerumani Carl Velten alipochapisha kwa Kiswahili habari za kale za miji ya pwani, za Sudi zilikuwamo pamoja na za Kilwa na Lindi. Katika pwani hiyo ya wavuvi na wakulima wa nazi, ufuta na korosho, usiku wa mbalamwezi ni ukumbi usiolipiwa kodi.

Tuanze na vitendawili. Mtegaji huita, "Kitendawili!" na umati huitika, "Tega!" Naye husema, "Nyumba yangu haina mlango." Atakayejibu kuwa ni yai amepata. Wakishindwa wote, mtegaji hudai mji. Hupewa Mikindani, au Kilwa Kivinje, naye hujigamba kuwa amefika huko, amepokewa kwa heshima, amekula na kushiba. Ndipo atoapo jibu. Mtoto wa miaka minane aweza kumnyang'anya mzee mji mzima mbele ya watu, na mzee akacheka. Ni wapi pengine ambapo mdogo humshinda mkubwa bila kumvunjia heshima?

Kuna na kombolela. Mmoja hulinda kopo lililowekwa katikati ya uwanja, na wenziwe hujificha. Kila aonekanaye hutajwa jina, akawa mateka. Lakini aliyesalia, hata akiwa mmoja tu, akichomoka mafichoni na kulipiga teke lile kopo kabla ya mlinzi hajawahi, mateka wote huwa huru. Jina lenyewe latukumbusha neno kukomboa. Mtoto aliyekombolewa hivyo mara moja hahitaji hotuba ndefu kuelezwa maana ya mshikamano.

Hata bao, ambalo wachezaji wake ni wawili, halichezwi na wawili peke yao. Mashimo ni 32 na kete ni 64, nyingi zikiwa komwe, mbegu ngumu za mkomwe uotao pwani. Lakini baraza zima hutazama, hubishana, na kila mmoja hudai kuwa angalicheza vizuri zaidi. Mvuvi aliyerudi mikono mitupu aweza kumfunga tajiri mwenye jahazi, na siku ile heshima ya baraza ni yake.

Tusidhani kwamba mambo haya ni madogo katika historia yetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilienea katika Tanganyika vikiwa na viongozi na vyeo vyao, na serikali ya kikoloni ilivitazama kwa shaka. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipowatafuta wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na TANU, alipitia vyama vyao vya ngoma. Kwani huko walikwisha kuzoea kuitana, kuchanga na kuongozana. Waliojifunza kucheza pamoja hawakuona shida kusimama pamoja. Na tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwetu.

Basi yatupasa kufanya nini? Kamati za arusi, matawi na vyama vya wafanyakazi vitenge japo saa moja ya michezo katika kila shughuli. Mtegaji hodari achaguliwe mapema. Wageni wagawanywe makundi mawili kwa kuchanganywa, meneja akae na tarishi, karani na dereva, mkwe na majirani. Walio vijana wakimbie katika kombolela. Wasioweza kukimbia wapewe vitendawili, kwani hapo umri ni mtaji. Wapishi nao waitwe kutoka jikoni, maana si haki akina mama wapike siku nzima kisha wasikie kicheko kwa mbali.

Aidha, pawe na mipaka. Adhabu ya aliyeshindwa iwe kutoa mji au kuimba, wala isiwe ya kumwaibisha. Fedha isiwekwe kabisa, kwa sababu mchezo ukiingiwa na fedha hugeuka kamari, na kamari huwatenga watu badala ya kuwaunganisha.

Ndugu zetu watasema vijana wa leo wameshikwa na simu. Simu haina kosa, lakini haiwezi kumdai mtu mji na kumchekesha mbele ya babu yake. Mbalamwezi ingaliko Sudi, na wazee wajuao kutega wangaliko. Kinachotakiwa ni mmoja wetu asimame na kuita, wengine wataitika.