Jiwe la rangi, upinde na majivu ya mpunga

Mdogo wangu alitoka Numbi, kule Kalehe, na turmalini moja ya kijani. Mnunuzi akaipima kwa gramu tu, sawa vile maharagwe. Miye mtu wa agronomia nikaisugua na mchanga wa Ruzizi: kazi bure! Mchanga mwingi ni kwarzi, ugumu 7 juu ya 10. Turmalini inafika 7,5.

Mafundi wa kienyeji wa Sri Lanka walikata na unga wa korundumu, ugumu 9. Mkono mmoja unavuta upinde wenye kamba, gurudumu linazunguka. Mwingine unashika kijiti, jiwe limebandikwa kwenye ncha. Kungarisha njo kulinishangaza: gurudumu la shaba na majivu ya maganda ya mpunga, yenye silika laini sana. Bandugu, hapa Kamanyola maganda tunayatupa! Gurudumu njo bado natafuta.